Leza za mkononi za kutengenezwa na fundi: kununua bila kupigwa, na kuipima ikishafika

Haya wadau, naona kila mtu akishaangalia video ya jamaa anawasha kiberiti kwa mwanga wa bluu akiwa upande wa pili wa chumba, kesho yake anauliza "inapatikana wapi hii". Sawa, nitafika huko, ila swali la kwanza ni hili: ile namba iliyoandikwa kwenye tangazo imetoka wapi? Maana tangazo la leza linaweza kusema chochote, na jicho lako haliwezi kukwambia hii ni wati 1 au wati 3, zote utaziona kali tu. Kwahiyo humu naeleza ninavyonunua na ninavyopima, na mambo ya macho nimeyaweka mapema, ukiyaruka hayo bora usiendelee kusoma.

Sizungumzii pointa ya darasani. Nazungumzia leza ambayo mtu, mara nyingi yuko Marekani au Ulaya, ana mashine ya kukerezea gereji kwake, anakereza bodi ya alminiamu, anabana dayodi (kile kipande kidogo kinachotoa mwanga) kwenye moduli, yani kishikio cha kopa, anafunga draiva ya kudhibiti umeme, anaweka lenzi, anapima, anauza mojamoja. Dayodi yenyewe hatengenezi yeye, hiyo ni kazi ya viwanda kama Nichia wa Japani, na nyingi zinatoka kwenye projekta. Mambo yalichangamka mwaka 2010 hivi, Casio walipotoa projekta zinazotumia dayodi za bluu za nanomita 445 (nanomita ndo namba ya rangi ya mwanga), ndani ya projekta moja kuna dayodi 24. Watu wakapiga hesabu, wakaona kununua projekta nzima na kuibomoa ni nafuu kuliko kusaka dayodi mojamoja, wakazibomoa kweli. Kabla ya hapo bluu ya wati 1 ya kushika mkononi ilikuwa kitu cha maabara na watu wenye hela zao.

Na ujue unacheza na daraja gani la hatari. Kwa leza za mwanga unaoonekana zinazowaka mfululizo, daraja la 2 haizidi miliwati 1, 3R inaishia miliwati 5, 3B inaishia 500, zaidi ya hapo ni daraja la 4, hakuna la 5. Leza nyingi za mafundi ni 3B kwenda juu.

MIWANI KWANZA

Hela ya kwanza inaenda kwenye miwani, kabla hujaagiza leza. Jicho lina lenzi yake, na ile lenzi inaukusanya mwanga wa leza wote na kuupeleka kwenye kidoa kidogo sana cha retina. Kuna wanaojitetea kwamba jicho linapepesa lenyewe, ni kweli linapepesa, inachukua kama robo sekunde, na hiyo robo sekunde inakuokoa kwenye miliwati 1. Kwenye wati 2 ni muda mrefu mno, jeraha linakuwa lishaingia. Na retina haiumi, unaweza kuungua usijue, unakuja kushtuka unaposoma unaona katikati ya neno kuna herufi hazipo. Ikitokea umehisi kitu kama hicho nenda kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, usilale nayo. Kwa daraja la 4 hata mwanga unaorudi kutoka kwenye ukuta wa kawaida usiong'aa, ukiukodolea kwa karibu unaweza kukuumiza.

Nguvu ya miwani, yani inazuia mwanga kiasi gani, inaandikwa kwa OD. OD 1 inapitisha sehemu 1 ya 10, OD 2 sehemu 1 ya 100, OD 4 sehemu 1 ya 10,000. Leza ya wati 2 ikipita kwenye OD 4 inabaki miliwati 0.2, hiyo iko ndani ya usalama. Ikipita kwenye OD 2 zinabaki miliwati 20, hapo umevaa urembo.

Ila OD bila nanomita haina maana yoyote. Miwani ya rangi ya chungwa inayouzwa sana inazuia kuanzia 190 mpaka 540 hivi, yani bluu na kijani, lakini nyekundu ya 638 inapita humo kama hakuna kitu. Kila rangi ya leza inataka miwani yake. Miwani ya kweli ina maandishi kwenye kioo au kwenye fremu, nanomita kutoka ngapi mpaka ngapi na OD ngapi, na za Ulaya zinataja EN 207, kiwango chao cha miwani ya leza. Ile ya plastiki nyekundu isiyo na maandishi, inayokuja bure ndani ya boksi la leza za bei chee, tupa. Miwani ya jua usiilete kabisa kwenye mazungumzo haya.

Kuijaribu miwani usiivae. Wewe vaa nyingine unayoiamini, hiyo mpya iegeshe mezani kati ya leza na mita ya kupima pawa (naieleza mbele), piga kwa sekunde moja mbili uone mita inasoma nini. Kama miwani ya OD 4 na kuendelea inaruhusu mita iamke na kuonesha namba ya maana, rudisha.

Sasa ukishavaa miwani ya kweli utakutana na kero moja: huoni leza yako inapiga wapi. Hapo kuna ujanja mdogo wa bei rahisi sana, chukua zile karatasi za kunata za rangi ya chungwa kali au pinki inayowaka, bandika pale unapolenga. Bluu ikigusa ile karatasi rangi yake inawaka chungwa, na hiyo chungwa inapita kwenye miwani yako wakati bluu yenyewe haipiti, unaona doa zuri kabisa umbo lake na ukubwa wake. Pawa iwe ndogo au doa liwe limetanuliwa, la sivyo karatasi inatoboka na kuanza kufuka moshi.

RANGI NA PAWA NI VITU VIWILI

Wengi wanalilia wati bila kujua jicho linaonaje. Jicho lililozoea mwanga linaona vizuri zaidi kwenye kijani-njano ya nanomita 555. Ukiipa hiyo asilimia 100, kijani ya 532 iko kama 88, kijani ya 520 kama 71, nyekundu ya 650 kama 11, bluu ya 450 kama 4, na zambarau ya 405 haifiki hata asilimia 1. Piga hesabu mwenyewe: miliwati 100 za kijani 520 zinang'aa karibu mara mbili ya wati 1 nzima ya bluu 450. Usiku wa giza totoro bluu inajitahidi kidogo kwasababu jicho linabadilika, lakini kama unachotaka ni mstari mzuri unaoonekana na sio kuchoma vitu, kijani ya miliwati 100 inakutosha kabisa na hela inabaki.

Zambarau ndo ninayoiogopa kuliko zote. Inaonekana hafifu, mtu anadhani haina kitu, anaichungulia bila wasiwasi, kumbe ni miliwati mia kadhaa.

Na kijani ziko za namna mbili, hapa soma taratibu. Kijani ya 532 ya zamani haitoki kwenye dayodi moja kwa moja: ndani kuna dayodi ya infraredi ya 808, inasukuma kioo kinachotoa 1064, halafu kioo kingine kinaigeuza hiyo 1064 kuwa 532. Kwahiyo ndani ya bomba hilo kuna infraredi nyingi ambayo huioni, inatakiwa kuwe na kichujio mbele cha kuizuia, na kwenye za bei rahisi kichujio ndo kitu cha kwanza kurukwa. Mwaka 2010 watu wa NIST, taasisi ya vipimo ya Marekani, walichapisha kwamba wamepima pointa moja ya kijani iliyouzwa kama miliwati 10, wakakuta inatema karibu miliwati 20 za infraredi. Infraredi haikufanyi upepese, na miwani ya chungwa haikuhakikishii kuizuia. Kijani ya 520 inatoka kwenye dayodi moja kwa moja, haina mzunguko huo wote, na haisumbuki na baridi kama 532. Kwa anayeanza mimi nasema 520, mengine baadae. Ukiipenda sana 532 basi fundi akuoneshe namba mbili, mita ikiwa na kichujio cha infraredi mbele na ikiwa haina, tofauti ndo infraredi yako.

MASWALI YA KUMUULIZA FUNDI

Fundi mzuri anapenda kuulizwa, ukiona anakasirika au anajibu "trust me bro" kwa lugha yoyote ile, achana nae. Mimi nauliza dayodi ni modeli gani, imesetiwa ampia ngapi, draiva ni aina gani, lenzi ni ipi, hitsinki (chuma cha kunyonya joto) ina uzito gani, inaruhusiwa kuwaka muda gani kabla ya kupumzishwa, na betri ni ya aina gani na inaingia upande upi. Halafu naomba picha au video ya mita, sio picha ya mwale angani, mwale angani unapendeza kwenye simu yoyote ukiongeza ekspoja.

Lenzi iulizie kwa makusudi. Kuna lenzi ya kioo kimoja, wengi wanaiita G2, inapitisha pawa nyingi zaidi lakini inamwaga mwanga pembeni, utaona mabawa na vumbi la mwanga kuzunguka doa. Kuna ya vioo vitatu, doa lake safi, ila inakula pawa, asilimia 20 hivi sio ajabu. Sasa kuna ujanja unafanyika: pawa imepimwa kwa G2, leza inakuja na ya vioo vitatu, na namba kwenye tangazo ni ileile. Niliwahi kuletewa moja ya namna hiyo, fundi simtaji, aliponibishia nikamuuliza tu alipima na lenzi gani, akanyamaza siku mbili akarudisha sehemu ya hela.

Alafu piga hesabu ya umeme, hesabu hii inaua matapeli wengi. Dayodi ya bluu inageuza kama theluthi moja ya umeme kuwa mwanga, iliyobaki ni joto. Modeli ya NUBM44 ambayo mafundi wanaipenda sana, kwa ampia 4.5 inakula wati kama 21 na kutema wati 7 hivi za mwanga, wati 14 zinabaki kwenye chuma. Sasa mtu anakuuzia kalamu nyembamba ya betri moja ya AAA anasema wati 10, au yale matangazo ya "50000 mW", yani wati 50. Betri ya AAA ya volti 1.5 hata ukiikamua ampia 1 inatoa wati 1.5 za umeme. Wati 10 za mwanga zitatoka wapi, kwa bibi yake?

Kwenye hitsinki kuna imani kwamba kopa ni dawa ya kila kitu. Kopa inasafirisha joto haraka kuliko alminiamu, hilo kweli, ila gramu kwa gramu inahifadhi joto kidogo zaidi. Chukua hizo wati 14, ziingize kwenye kopa ya gramu 100 kwa dakika 1, ni jouli 840, kopa inapanda kama nyuzi 22. Alminiamu ya gramu 200 kwa dakika hiyohiyo haipandi hata nyuzi 5. Ndomana leza nzuri ina kopa ndani inayoshika dayodi na alminiamu nene nje, zikiwa zimebanana bila uwazi. Kwahiyo uliza uzito, na uliza kama moduli imebanwa kwa presi au imeshikwa na skrubu moja ya pembeni.

Jambo la kufuli. Sheria za Marekani za bidhaa za leza zinataka 3B na 4 ziwe na ufunguo, taa ya kuonesha inawaka, na sehemu ya kuunganisha swichi ya kuizima kwa mbali, na pointa haitakiwi kuzidi miliwati 5. Leza nyingi za gereji hazina hata kimoja. Angalau iwe na kitu cha kuzuia isiwashwe kwa bahati mbaya mfukoni au na mtoto, iwe ufunguo au kifuniko cha nyuma ambacho ukikilegeza nusu mzunguko umeme unakatika.

MALIPO, FORODHA NA NDEGE

Lipa kwa njia yenye ulinzi wa mnunuzi, usitume kwa njia ya "rafiki na familia" eti kuokoa makato. Betri za lithiamu mafundi wengi hawatumi, nunua ulipo kutoka kwa muuzaji wa kueleweka.

Kuhusu nchi, kagua kabla hela haijatoka. Australia pointa ya zaidi ya miliwati 1 haiingii bila kibali. Kanada huruhusiwi kuwa nayo nje ya nyumba ndani ya kilomita 10 kutoka uwanja wa ndege kama inazidi miliwati 1. Kama mzigo unakuja Dar, Mombasa, Muscat au popote, waulize forodha wenyewe kwanza, mzigo ukishakamatwa fundi wa Ohio huko Marekani hana msaada wowote kwako.

Na angani usipige. Marekani mwaka 2023 marubani waliripoti kumulikwa mara 13,304, na sheria yao ya 2012 inakupa mpaka miaka 5 jela ukimulika ndege kwa kusudi. Uingereza wana ya kwao ya 2018, nayo miaka 5, na hiyo inahusu hata magari na boti. Mwale kwa juu unaonekana kama umeishia mawinguni, haujaishia, rubani anayetua anaupata kioo kizima kinawaka.

MZIGO UMEFIKA

Usiweke betri. Kwanza igeuze, itikise taratibu karibu na sikio, kusiwe na kitu kinacholegea ndani. Angalia lenzi kwa taa ya pembeni, ikiwa na vumbi au alama ya kidole pawa kubwa inaweza kuikaanga ile alama ikabaki kioo na doa la kudumu. Puliza kwa pampu ndogo ya mpira, usipulize kwa mdomo. Soma upande wa betri mara mbili, ukiigeuza dayodi inaweza kufa papo hapo na hakuna fundi atakayekubali hiyo warranti.

Betri nayo ina uongo wake. Zile za lithiamu za duara ziitwazo 18650, za kawaida zilizo nzuri zinaishia kama mAh 3500, ukiona imeandikwa 9900 huo ni uongo wa mchana kweupe, na zikipimwa kwenye mzani nyingi ni nyepesi, ya kweli ina gramu 45 hivi. Ikiwa imejaa inasoma volti 4.2. Pima kabla na baada, maana betri iliyochoka inafanya leza nzuri ionekane mbovu na utamlaumu fundi bure.

Chumba kiwe chako peke yako, mlango umefungwa na waliomo ndani ya nyumba wanajua. Vioo, saa ya mkononi, pete, TV, picha zenye kioo, toa au funika. Taa washa, mboni ya jicho inakuwa ndogo kwenye mwanga. Leza ibane kwenye vaisi au stendi, usiishike, na mwale uende chini ya usawa wa macho, kiunoni hivi, sio usoni hata ukiwa umekaa. Mwisho wa mwale weka tofali la kuchoma lisilong'aa. Chuma kilichopakwa rangi, mbao na boksi hapana, vinaungua au vinarudisha. Kisha miwani, kisha betri, kisha sekunde moja tu. Imewaka, imezima, shika bodi, nusa. Harufu ya plastiki ya kuungua ni draiva inakuaga.

KUPIMA PAWA, HAPA NDO PENYEWE

Usiniambie imekata utepe mweusi au imewasha kiberiti. Kuchoma kunategemea doa ni dogo kiasi gani na kitu ni cheusi kiasi gani, miliwati 200 zilizofokasiwa vizuri zinachoma vitu ambavyo wati 1 iliyotawanyika haivigusi.

Mita ziko za aina mbili. Ya fotodayodi ni ya haraka na inafaa kwa pawa ndogo, lakini inasoma tofauti kwa kila rangi, ukisahau kuiambia nanomita inakudanganya, na pawa ikizidi inagota. Ya joto, themopaili, inapokea mwanga kwenye uso mweusi na kupima joto linalopita, rangi haiisumbui sana, na ndo unayotaka kwa leza za mafundi. Ina uvivu wake, inachukua sekunde kadhaa kufika.

Iache mita mezani dakika za kutosha ifanane na joto la chumba, zima feni, usiishike kwa kiganja upande wa kihisi. Bonyeza sifuri. Tanua doa kwa kuzungusha lenzi mpaka lijaze kama nusu au theluthi mbili ya uso wa kihisi, hii muhimu sana, doa dogo linatoboa ule mweusi na mita inakuwa kwisha habari yake, na mita ni hela. Hakikisha mwanga wote umeingia, na ule wa pembeni wa G2 pia, la sivyo unaipunja leza.

Washa, na usiangalie namba ya juu kabisa ukafurahi. Andika kila baada ya sekunde 10 mpaka dakika 1, au mpaka muda aliosema fundi. Mfano tu, leza iliyouzwa kama wati 2.0: sekunde ya 10 inasoma 1.96, ya 30 inasoma 1.88, ya 60 inasoma 1.79. Hiyo ni leza ya kawaida yenye afya, pawa inashuka kidogo kwasababu dayodi ikipata joto inazalisha kidogo. Sasa kama inaanza 2.1 na kwenye sekunde ya 40 iko 1.3 na bodi kwa nje bado ya baridi, joto halitoki kwenye dayodi, moduli haijabanwa vizuri. Bodi ikiwa ya moto na pawa inashuka polepole, hitsinki inafanya kazi ila ni ndogo. Na pawa ikikatika ghafla kama ngazi, hapo angalia betri au draiva kabla ya dayodi. Grafu ya namna hii ndo inayokwambia umenunua nini, ile namba moja kwenye tangazo ni ya sekunde moja nzuri tu.

Iache ipoe, ifanye tena na betri nyingine iliyojaa. Zikifanana, andika, pamoja na joto la chumba.

Huna mita? Kuna njia ya kienyeji na sio mbaya. Tafuta kipande cha alminiamu cha gramu 20, kitoboe tundu dogo kwa nyuma uingize waya wa kupima joto, mbele kipake rangi nyeusi isiyong'aa, kiegeshe kwenye povu lile jeupe la maboksi ili joto lisikimbie. Alminiamu inataka jouli 0.9 kwa gramu 1 kupanda nyuzi 1, kwahiyo kipande chako kinataka jouli 18. Piga doa lililotanuliwa kwa sekunde 30, zima, subiri namba ikome kupanda. Ikiwa imepanda nyuzi 3, ni 18 mara 3, jouli 54, gawa kwa 30, wati 1.8. Itasoma chini kidogo ya ukweli maana rangi inarudisha mwanga kiasi na joto kiasi linapotea, lakini aliyekuuzia wati 5 hawezi kujificha hapo. Kipimajoto kiwe kinaonesha sehemu ya kumi ya nyuzi, la sivyo unabahatisha.

Ukiwa na multimita unaweza pia kutoa kifuniko cha nyuma na kuunganisha mita kwenye sehemu ya ampia 10 kati ya betri na bodi, nyaya ziwe fupi na nene. Ampia mara volti ya betri ndo umeme unaoingia. Ukikuta unaingia wati 6 na jamaa alisema bluu ya wati 4 inatoka, huhitaji kuendelea.

MWALE UNATANUKA KIASI GANI

Hii haraka. Fokasi mbali, pima upana wa doa ukiwa mita 1, kisha mita 11, koridoni au kwenye ukuta mrefu, sio kupitia dirishani. Toa, gawa kwa mita 10. Milimita 4 kisha milimita 14, tofauti ni 10, gawa kwa 10 ni miliradiani 1, yani kila mita 1 mwale unatanuka milimita 1. Bluu za pawa kubwa doa lake ni kijiti sio duara, pima pande zote mbili, upande mmoja utakuwa mbaya sana kuliko mwingine na fundi mjanja atakutajia ule mzuri. Doa lipige picha kwa simu ukiwa umeshusha ekspoja, ila kamera isitazame tundu la leza, kihisi chake kinaungua kama jicho.

NAMBA ZIKIKATAA

Tofauti ya chini ya asilimia 10 iache, mita yako na mita yake hazikuzaliwa pamoja. Ikizidi hapo, mtumie fundi jedwali lako na video isiyokatwa inayoonesha sifuri, leza na mita kwa pamoja, na umtajie lenzi na volti ya betri. Wengi wenye jina wanarekebisha, maana kwenye hobi hii ndogo jina ndo duka.

Usifungue. Kwenye draiva nyingi kuna kiskrubu kidogo cha kuongeza mkondo na mtu akiona pawa ndogo vidole vinamuwasha. Ukikizungusha kwanza pawa inapanda kweli, kisha siku moja unawasha unaona doa limekuwa hafifu, limetawanyika, halichomi kitu, mita inasoma miliwati chache. Hiyo dayodi imekufa, imebaki taa ya kawaida, hairudi, na fundi akiona muhuri wake umechunwa hakudai wewe wala humdai yeye.

Ukimaliza toa betri, weka kifuniko cha lenzi, leza ikae kwenye droo yenye kufuli na betri zikae droo nyingine.